Pointi za Mkono wa Kulia

Msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja wake alipogundua kwamba pakiti ya pili ya nywele za kahawia ameiacha nyumbani, juu ya kabati. Akamwomba mteja radhi, akamwachia kioo na soda ya baridi, akavuka barabara haraka haraka. Kutoka saluni hadi nyumbani ni mwendo wa dakika sita. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi, saa ambayo mumewe huwa kwenye mazoezi yake.

Akiwa bado nje alilisikia lile gemu la mazoezi. Kengele ndogo ililia ting, ting, ting kila mpira ulipoingia kapuni, halafu ukafuata mlio wa kushangilia, kana kwamba uwanja mzima umesimama. Akatabasamu peke yake. Kengele zilifuatana kwa kasi, bila kukosa hata moja. Akavua kandambili mlangoni ili asimkatishe, akanyata hadi kwenye pazia la sebule.

Mumewe alikuwa amekaa kwenye kochi, tableti imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Kile kishikio cha mpira walichopewa hospitali, cha kubana na kuachia, alikuwa amekishika sawasawa kabisa. Ila alikuwa amekishika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, ule mgonjwa, ulikuwa umelala juu ya paja, vidole vimejikunja, kama mtu aliyekuja na mwenzake kutazama tu.

Ting. Ting. Ting.

Kwanza alijiambia kwamba anajipumzisha kidogo, atabadilisha sasa hivi. Akaanza kuhesabu. Mipira kumi. Ishirini. Arobaini. Mkono haukubadilishwa. Mlio wa kushangilia ukapigwa, na tableti ikasema kwa ile sauti yake ya kike isiyo na haraka: "Hongera. Pointi mia tisa na kumi. Mkono wa kulia. Matokeo yametumwa."

Msusi akarudi nyuma hatua kwa hatua, akavaa kandambili zake, akatoka. Nywele za kahawia hakuzichukua. Mteja wake siku hiyo alisukwa rangi mbili, akaambiwa ndiyo mtindo wenyewe ulioingia, akaondoka amefurahi. Msusi alibaki amekaa kwenye kiti cha wateja, anatazama mikono yake.

Miezi mitano nyuma mumewe alikuwa dereva wa kreni kwenye yadi ya makontena. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye kile kibanda cha vioo kilicho juu kuliko ghorofa zote za jirani, na kwa jinsi alivyoona kila kitu kutoka huko, yadi nzima ilimwita Kipanga. Walisema anaweza kukushushia kontena la tani thelathini juu ya yai na yai lisipate ufa. Kiharusi hakikumkuta juu. Kilimkuta bafuni, mswaki mdomoni, asubuhi ya siku ya mapumziko. Mswaki ulimponyoka, akainama kuuokota, hakuinuka.

Mdomo ulirudi. Mguu nao ukarudi, ukabaki na kauzito kidogo tu. Mkono wa kulia ndio uliogoma.

Hospitalini walimkabidhi kwa mtaalamu wa viungo, mwanamke kijana mwenye viatu vya michezo na sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Chumbani kwake palikuwa na magongo na mipira kama kwingine, lakini ukuta mmoja ulikuwa na skrini kubwa yenye kamera juu yake. Mgonjwa anakaa mbele yake, anainua mkono, na kwenye skrini mkono wa katuni unainuka naye. "Ubongo unatakiwa ujifunze upya," alieleza, "na haujifunzi bila kurudia. Nikimwambia mtu anyanyue mkono mara mia hewani, akifika kumi anachoka, ananichukia. Nikimpa mipira ya kudaka, ananyanyua mara mia tatu halafu ananiomba raundi nyingine."

Kipanga aliudhika. "Daktari, mimi nina miaka hamsini na miwili. Wajukuu wananisubiri. Leo nidake mipira ya katuni?"

"Mimi si daktari, mzee. Daka."

Akadaka. Wiki ya pili alikuwa anagombana na skrini. Wiki ya tatu mtaalamu akaanza kumkaripia: "Bega, mzee! Usiniibie kwa bega. Kiwiliwili kitulie, mkono ndio uende." Maana Kipanga alikuwa amegundua kwamba akiinama kidogo pembeni, mkono unafika bila kuhangaika. Walicheka wote watatu. Msusi alikuwa anakaa kwenye benchi la nyuma na mkoba wake magotini, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya bafuni aliona macho ya mumewe yana njaa ya kitu.

Kisha foleni ya wagonjwa ikawa ndefu. Zamu za kwenda hospitali zikapunguzwa hadi mara moja kila wiki tatu, na Kipanga akapewa kishikio na tableti akafanyie nyumbani. Kila anapomaliza, matokeo yanaruka yenyewe hadi kwa mtaalamu. Pointi mia na arobaini. Mia tatu. Mia sita. Mia tisa. Hospitalini, mbele ya skrini, alikuwa hafikishi hata nusu ya hizo, lakini alisema macho ya watu yanamtia kiwewe, na kila mtu aliona ni jambo linaloeleweka.

Na sasa zilibaki siku nne tu: Jumatatu mtaalamu angeandika ripoti yake. Jumanne Kipanga angepanda kreni.

*

Jumamosi mchana alikuja kaka mdogo wa msusi. Huyu alikuwa mfunga mizigo kwenye yadi ile ile: ndiye anayesimama chini ya kreni, kofia ngumu kichwani na kizibao cha kung'aa kifuani, anafunga minyororo, anatoa ishara, anapokea mzigo unapotua. Walimwita Kiberiti kwa sababu alikuwa mwembamba, na kwa sababu hachelewi kuwaka.

"Shemeji!" alipiga kelele tangu mlangoni. "Rudi upesi utuokoe. Yule waliyetuletea anashusha mizigo kama mtu anayemwaga takataka. Juzi kontena limetua, mimi nikaruka kama panzi."

Kipanga alicheka. Alikuwa amekaa na mkono wa kulia chini ya meza. "Yule anaogopa. Mzigo ukijua unauogopa, unakuyumbia."

"Jumanne mimi na wewe." Kiberiti akavuta kiti, akakaa. "Walitaka kunihamishia ghalani, ujue. Kazi ya kivulini, kuhesabu maboksi. Nimekataa. Nimewaambia shemeji yangu anarudi, nani atampigia ishara? Miaka minane nimesimama chini yake, hata unywele haujaguswa."

Msusi alikuwa anamimina chai. Kikombe kikajaa, kikamwagika kwenye sahani.

"Dada, unamwaga!"

"Sijaona," alisema. Akachukua kikombe kile kilichojaa, akakipeleka kwa mumewe, akakishikilia upande wake wa kulia. Hakukiweka mezani. Akangoja.

Kipanga alimtazama. Kisha akakohoa, akageuka nusu kiti kama anayetaka kumwambia shemeji yake jambo, na katika kule kugeuka akakipokea kikombe kwa kushoto. Alifanya kwa ulaini kiasi kwamba asiyejua asingeona kitu.

"Ghalani si pabaya," msusi alimwambia kaka yake.

"Ghalani ni kwa wazee, dada."

"Nasema si pabaya. Ungekubali."

Kiberiti akamkazia macho, akacheka. "Huyu naye! Mumewe anarudi kazini, badala ya kushukuru ananitafutia kivuli."

Kipanga hakucheka. Alikuwa ameshajua kwamba anajulikana.

*

Hawakusemezana hadi Jumapili alasiri. Msusi alikuwa uani anafua, Kipanga akatoka akakaa kwenye stuli karibu na kamba ya nguo.

"Sema," alisema. "Sema ulichonacho."

"Nimekuona Alhamisi."

"Muda gani?"

"Muda wa kutosha. Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili wa mazoezi." Akajipangusa uso. "Mkono ulikuwa unapanda vizuri, mke wangu, nakuapia. Halafu ukasimama. Siku nane nzima, mia na sitini, mia na sitini, mia na hamsini. Ile sauti ya kike inaniambia 'jaribu tena' kama naongea na karani wa posta. Siku moja nikabadilisha mkono nione tu inasemaje. Ikanishangilia. Kesho yake daktari akapiga simu, anafurahi mpaka analia. Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia ukweli."

"Kreni haina mambo ya mipira. Nikikaa kwenye kile kiti, mkono utakumbuka. Miaka kumi na tisa! Vidole viwili tu, mpini mmoja huku, mmoja huku. Mkono unajua kazi yake kuliko mimi."

"Mkono uliokataa kupokea chai?"

"Chai ni chai!" Sauti yake ilipanda, mfuaji wa nyumba ya pili akageuka kutazama. Akaishusha. "Mwisho wa mwezi huu kama sijarudi, yule mwoga anapewa kiti changu moja kwa moja. Mimi nitabaki nini? Mtu wa kukaa kwenye kochi anadaka mipira. Unanitaka hivyo?"

Msusi akaacha nguo kwenye beseni. Maji yalimchuruzika viwikoni. "Chini ya kulabu yako yupo mdogo wangu."

"Namjua aliye chini ya kulabu yangu kuliko unavyomjua wewe."

"Basi nionyeshe. Funga vidole." Akampa kidole chake cha shahada chenye povu la sabuni. Kipanga akaunyosha mkono wa kulia, taratibu, vidole vikakizunguka kidole cha mkewe, vikabana. Vilibana kwa nguvu kuliko msusi alivyotarajia. Akaanza kutumaini.

"Umeona?" alisema Kipanga.

"Sasa niachie."

Akatazama mkono wake. Mshipa wa shingo ukamtoka. Vidole havikufunguka. Wakakaa hivyo, yeye kwenye stuli na mkewe amepiga magoti kando ya beseni, mpaka povu likaanza kukauka. Mwishowe msusi alikitoa kidole kwa kukizungusha, kwa sababu ya ule utelezi wa sabuni.

"Nitamwambia mtaalamu," alisema.

"Ukimwambia, ujue umenizika." Akainuka, akaingia ndani.

*

Jumatatu saa tatu walikuwa wameshafika. Msimamizi wa yadi alikuja mwenyewe kuichukua ripoti, jitu nene lenye ufunguo wa gari kidoleni, ambaye alimwita kila mwanamke shemeji. Kiberiti naye aliomba ruhusa akaja, eti amsindikize bingwa. Chumba cha mazoezi kilinukia dawa ya kusafishia sakafu. Kwenye kona, bibi mmoja alikuwa anajaribu kusimama kwa mguu mmoja mbele ya skrini ndogo, na kila alipopepesuka katuni ya korongo ilipepesuka naye.

Mtaalamu aliwaonyesha mchoro kwenye kompyuta yake. Mstari ulianzia chini kushoto, ukapanda, ukapanda, hadi pembe ya juu. "Sijawahi kupata mgonjwa kama huyu," alisema, ila alilisema akitazama ule mstari, hakumtazama mgonjwa. Akampima Kipanga nguvu ya kubana kwa kifaa kidogo. Nguvu ilikuwepo, akaandika. Akamwinua mkono, akaandika. Nje ya mlango wagonjwa wengine kumi na wawili walikuwa wanangoja.

"Imebaki sahihi ya wa nyumbani." Akamgeuzia msusi karatasi na kalamu. "Mama, hapa unathibitisha tu kwamba umeshuhudia mazoezi ya nyumbani yamefanyika kwa mkono wa kulia, kama yalivyoandikwa."

Kalamu ilikuwa nyepesi. Msusi aliishika, akaisoma ile sentensi mara mbili. Alijua mumewe anamtazama. Nyuma yake Kiberiti alikuwa anamhadithia msimamizi kisa fulani cha yadini, wote wawili wanacheka, na kicheko cha kaka yake kilikuwa kile kile cha utotoni, cha kukwama kooni halafu kupasuka.

Alijua maneno anayotaka kuyasema, lakini alipofungua mdomo yalitoka mengine.

"Mfungeni mkono wa kushoto."

Kicheko nyuma yake kikakatika.

"Unasemaje, mama?"

"Mfungeni ule mzima. Acheze hapa, mbele yetu, kwa mkono wa kulia peke yake. Nikiona, nitasaini."

"Dada, vipi tena?" Kiberiti akasogea. "Si pointi hizo hapo zimeandikwa?"

Msimamizi akatazama saa. "Shemeji, mambo ya nyumbani mngemaliza nyumbani."

Msusi alikuwa anamtazama mumewe, na mumewe alikuwa amekuwa rangi ya majivu. Kwa kitambo kidogo alidhani atainuka aondoke. Badala yake Kipanga alikivuta kiti mwenyewe, akakiweka mbele ya skrini kubwa, akaketi. Akaunyosha mkono wa kushoto kwa mtaalamu bila kumwangalia.

"Nifunge," alisema.

Mtaalamu akamvalisha glavu nene kama ya mwokaji mikate, ambayo haishiki kitu, akaikaza kwa mkanda. Akampitishia mkanda mwingine kifuani ili asisaidiwe na kiwiliwili. Akapekua orodha ya magemu, akasita. "Lipo moja la kreni. Nilikuwa sikuwekei, mzee, nisikuumize."

"Liweke."

Kwenye skrini ikatokea yadi. Kontena jekundu lilining'inia juu, na chini, ndani ya duara, alisimama mtu mdogo wa katuni mwenye kofia ya njano. Ukibana kishikio, mzigo unashuka. Ukiachia, unasimama. Mtu wa chini anapokea mzigo ukiwa juu kidogo ya kichwa chake, anausukuma mahali pake, mchezo unaendelea. Ni hilo tu.

Mzigo wa kwanza ulikuwa wa taratibu. Kipanga alibana. Kontena likashuka polepole, na muda mrefu kabla ya kufika alianza kupigana na vidole vyake. Vikafunguka nusu. Kontena likasimama. Kengele ikalia. Kiberiti akapiga makofi. "Si mmeona?"

Wa pili ulishuka kwa kasi zaidi. Kipanga alikuwa ameng'ata mdomo. Vidole vilichelewa, kontena likasimama likiwa limegusa kofia ya njano. Kengele ikalia tena, na safari hii hakuna aliyepiga makofi. Hata bibi wa korongo alikuwa ameshusha mguu, anatazama.

Wa tatu ulikuja kwa mwendo wa kazi. Mwendo wa kweli wa yadi, wote watatu waliokuwa wanaijua yadi waliutambua. Kipanga alibana, na kontena likaanza kuteremka.

"Acha," alisema mtaalamu. "Achia, mzee."

Vidole havikuachia. Bega lake lilijaribu kuinuka, mkanda ukalizuia. Mkono wa kushoto ulikurupuka kwenda kumsaidia mwenzake, glavu ikagonga kishikio, ikateleza. Kontena lilikuwa linateremka. Kiberiti alikuwa amekuja mbele kabisa, karibu na skrini, na bila kujijua alikuwa ameinua mkono juu, ngumi imefumbwa, ile ishara yake ya yadini ya kusimamisha. Aliishikilia hivyo, juu kabisa, kama alivyoishikilia miaka minane, akingoja kutiiwa.

Kontena likapita kwenye kofia ya njano. Likapita kwenye mabega. Skrini ikawaka nyekundu.

"Jaribu tena," ilisema ile sauti.

Mkono wa Kiberiti ulibaki juu kidogo, halafu ukashuka. Akageuka, akatoka, mlango ukajifunga nyuma yake.

Vidole vya Kipanga vilikuwa bado vimekibana kishikio. Msusi akaenda, akapiga magoti, akavifungua kimoja kimoja, kuanzia kidole kidogo, kwa subira ile ile anayofungulia fundo la nywele za mtoto. Mumewe aliacha afanye. Kisha akamwambia msimamizi, sauti yake kavu:

"Pointi zile ni za mkono wa kushoto. Zote, tangu mwezi wa pili. Andika kwamba bado. Na yule kijana mrudishieni ile nafasi ya ghalani kama bado ipo."

Msimamizi aliufumbata ufunguo wake kiganjani. "Kipanga..."

"Andika."

*

Msusi alimkuta kaka yake kwenye benchi la nje, viwiko juu ya magoti. Alipokaa karibu naye, Kiberiti alisogea.

"Ulijua tangu lini?"

"Alhamisi."

"Jumamosi nimekunywa chai kwako, dada."

"Nilikuambia ghalani."

"Uliniambia ghalani!" Aliwaka, akazima hapo hapo. Mikono akaiweka kwapani. "Ningemwangalia yeye, unajua? Mzigo siutazamagi. Namtazama shemeji pale kwenye kioo, nikimwona nimetulia. Ningesimama tu pale."

Hakuja nyumbani kwao kwa wiki tatu.

Kipanga naye hakumsemesha mkewe kwa siku tisa. Alikula, aliitikia salamu, alipishana naye mlangoni kama mpangaji. Tableti iliwekwa kabatini. Siku ya kumi mtaalamu alikuja nyumbani mwenyewe, baada ya kazi, viatu vyake vya michezo vimejaa vumbi. Alikataa kukaa.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Tangu mwezi wa pili ule mstari haukushuka hata siku moja. Mkono wa mtu hauponi hivyo, unapanda, unashuka, unakasirika, unapanda tena. Nililiona hilo. Nilikuwa nimepigania zile skrini miaka miwili, wakubwa wanasema ni michezo ya watoto, nikataka sana uwe kweli." Akatoa ile glavu nene kwenye mkoba. "Nimekupangia mara tatu kwa wiki. Saa moja asubuhi, kabla ya foleni. Na nyumbani utavaa hii. Nguvu ya kufunga unayo. Tunaanza na kufungua."

Kipanga aliitazama glavu kwa muda mrefu. "Nikifika mia na hamsini nikakwama?"

"Unaniletea hiyo mia na hamsini."

Siku ya kwanza alipata themanini na tano. Siku ya pili sabini. Msusi alikuwa anasikia kutoka jikoni, kengele moja, kimya kirefu, tusi, kengele nyingine. Wiki ya pili Kiberiti alitokea mlangoni, hakupiga kelele. Aliuliza kama chai ipo. Alikaa mbali kidogo na shemeji yake, akatazama raundi mbili, na kwenye ya tatu uvumilivu ukamwishia. "Sasa hapo unasubiri nini, achia! Achia mapema, mzigo una uzito wake, hujui kazi?"

"Usinipigie kelele, wewe mtu wa ghala."

"Mtu wa ghala ndiyo, lakini mzima."

Kisha Kipanga akaanza kucheka, kicheko kibaya, kinachofanana na kikohozi, na Kiberiti akainamisha uso, mabega yanatikisika. Msusi hakuingia. Aliwaacha.

Kiti cha kreni kilichukuliwa na yule mwoga. Ilipofika miezi minne Kipanga alikuwa anaweza kushika kikombe na kukiweka chini, kufungua kitasa, kufunga vifungo vya shati kwa kuchelewa. Yadi ilimwita akae chini na redio ya mkononi, awaongoze madereva wapya kwa sauti. Alikwenda. Siku ya kwanza alirudi amekunja uso, akisema wote hawajui kitu. Siku ya pili akasema yupo mmoja anayeweza kujifunza. Kupanda juu hakukutajwa tena, si kwa sababu kulikatazwa, ila kila mtu alimwachia yeye alitaje jambo hilo, naye hakulitaja.

Jumapili moja asubuhi walikuwa wanarudi sokoni kwa miguu. Kipanga alikuwa amebeba mfuko wa viazi kwa mkono wa kulia, kwa kusudi, na kila baada ya hatua kadhaa aliuweka chini, akavifungua vidole, akavifunga, akaunyanyua.

"Siku ile ulinidhalilisha," alisema ghafla, bila kumtazama. "Mbele ya msimamizi. Mbele ya yule bibi wa korongo."

"Najua."

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Nilikuambia."

Walipita nyumba mbili, tatu. Kipanga aliusimamisha mfuko chini, akasubiri vidole vifunguke. Vilifunguka.

"Ndiyo," alisema. "Uliniambia."